Kusomea Uuguzi Ukiwa Mtu wa Makamo: Mambo ya Kutengeneza Kabla ya Kuingia Wodini

Mtu aliyevuka miaka 40 anapotangaza kwamba anaacha kazi aliyoizoea ili akasomee uuguzi, watu wake wa karibu humuuliza kama kichwa chake bado kinashika masomo. Nami niliulizwa hivyo, maana niliingia chuo cha uuguzi nikiwa na miaka 41, baada ya kutunza vitabu vya hesabu ofisini kwa miaka 16. Sasa, baada ya kuhitimu na kuwaelekeza wanafunzi wengi wodini, naona kwamba swali hilo halikugusa penye uzito. Wenzangu wa makamo walioacha masomo njiani hawakuangushwa na mitihani. Waliangushwa na mambo ya nyumbani, ya fedha na ya mwili, ambayo yangeweza kutengenezwa mapema na hayakutengenezwa, na ndiyo sababu nitakaa zaidi kwenye matayarisho kuliko kwenye masomo yenyewe.

Ione kazi kabla ya kuilipia ada

Usianze kwa kujaza fomu. Tafuta kwanza nafasi ya kuwa wodini kwa wiki kadhaa, ama kwa kujitolea, ama kwa kuajiriwa kama msaidizi wa wauguzi, ama kwa kuhudumu katika nyumba ya kutunzia wazee, na uhakikishe kwamba baadhi ya zamu zako ni za usiku. Wengi wetu tumeijua kazi ya muuguzi kwa kuitazama tukiwa wageni waliokuja kumwona mgonjwa, na aliyekaa kwenye kiti cha mgeni huona vidonge na sindano tu. Haoni wauguzi wakikabidhiana zamu, ambapo anayeondoka humweleza anayeingia hali ya kila mgonjwa, kitanda kwa kitanda. Haoni joto, mapigo ya moyo, upumuaji, presha na kiwango cha oksijeni vikipimwa, kisha vikipimwa tena baada ya saa chache na kulinganishwa na vya mwanzo. Haoni wagonjwa wasiojiweza wakigeuzwa kila baada ya saa 2 hivi ili wasipate vidonda vya kulalia, wala haoni maandishi mengi yanayofuata kila tendo, kwa sababu katika kazi hii jambo lisiloandikwa kwenye faili huhesabiwa kuwa halikufanyika.

Usiku wangu wa kwanza nilikabidhiwa beseni la maji ya uvuguvugu, nikaambiwa nimfuate muuguzi aliyekuwa anakwenda kumwogesha kitandani mzee aliyepooza upande mmoja. Alianza na macho, akipangusa kutoka kona ya ndani kwenda ya nje, kila jicho kwa upande safi wa kitambaa. Kisha alishuka usoni, mikononi na kifuani, akifunua kiungo kimoja na kukifunika kabla ya kufunua kingine, na kila alipotaka kumgusa mzee alimwambia kwanza anachotaka kufanya, ingawa mzee hakuweza kumjibu. Alipomgeuza ubavu alisita, akaisogeza taa. Juu ya mfupa wa chini ya kiuno palikuwa na doa dogo lenye rangi tofauti na ngozi ya pembeni, na lilikuwa na joto. Alilibonyeza kwa kidole, akaona rangi haibadiliki, akanawa mikono, akaandika, na tangu saa hiyo utaratibu wa kumlaza mzee yule ulibadilishwa. Mimi nilidhani tumekwenda kumwogesha mtu, kumbe katika zile dakika 20 alikuwa amemkagua ngozi, pumzi, misuli na fahamu.

Kizunguzungu au kichefuchefu cha siku za kwanza hakimaanishi kwamba hufai, kwa kuwa hali hiyo huwapata wengi na kwa kawaida hupungua kadiri mtu anavyozoea. Lakini ikiwa baada ya wiki kadhaa bado unaingia wodini kwa hofu na unatoka kwa kukimbia, ni heri umelijua hilo mapema. Zipo kazi nyingine za afya, kama za maabara, famasia au utunzaji wa kumbukumbu za wagonjwa, ambazo huenda zikakufaa zaidi.

Njia za kuingilia na lango la usajili

Katika nchi nyingi mtu huingia katika uuguzi kwa cheti, kwa stashahada, ambayo aghalabu huchukua miaka 3, au kwa shahada, ambayo huchukua miaka 3 au 4. Aliyekwisha kupata shahada ya fani nyingine aulize kama kuna kozi ya mkato kwa watu kama yeye. Marekani, kwa mfano, zipo programu za namna hiyo zinazokamilika katika miezi kati ya 12 na 18, lakini hubana sana, na ni vigumu kuzisoma huku unafanya kazi nyingine. Hata hivyo, usitarajie njia yoyote inayokwepa wodi. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka mafunzo ya muuguzi yawe na angalau saa 4,600, na kati ya hizo nusu au zaidi ziwe za vitendo mbele ya wagonjwa. Nchi nyingine zina vipimo vyao, ila kanuni ya kufundishwa kitandani kwa mgonjwa ni moja kila mahali.

Kumaliza chuo peke yake hakukufanyi muuguzi. Ni lazima usajiliwe na kupewa leseni na chombo cha kisheria kinachosimamia taaluma hii, ambacho katika nchi nyingi ni baraza la wauguzi na wakunga, na mara nyingi usajili huo hutanguliwa na mtihani wa baraza. Kwa hiyo, kabla hujalipa hata gharama ya fomu, tafuta orodha ya vyuo vinavyotambuliwa na baraza lenyewe, uone kama chuo unachokitaka kimo, na usiridhike na maneno ya tangazo la chuo. Kisha uwaulize wahusika wa chuo maswali mawili ambayo hujibiwa mara chache bila kuulizwa: wanafunzi wao hufanyia wapi mafunzo ya vitendo, na ni wangapi kati ya waliohitimu karibuni waliofaulu mtihani wa usajili kwa mara ya kwanza.

Nyaraka za kale humsumbua mtu wa makamo kuliko anavyodhani. Vyeti vya sekondari vinaweza kuwa vimepotea au kuwa na jina la kabla ya ndoa, na vyuo vingi hutaka ufaulu katika biolojia, kemia na hisabati, masomo ambayo huenda uliyaacha zaidi ya miaka 20 iliyopita. Baadhi ya vyuo hukubali kozi fupi ya kuyafufua masomo hayo, basi uliza mapema. Utahitaji pia uchunguzi wa afya, na mara nyingi hati ya polisi inayothibitisha kwamba huna rekodi ya uhalifu. Chanjo ya homa ya ini aina ya B kwa kawaida hutolewa kwa dozi 3 ndani ya miezi 6, kwa hiyo anayeanza kuitafuta wiki ya kuripoti chuoni amekwisha kuchelewa.

Nyumba na mfuko

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie. Mwaka wa pili wa masomo yangu tulikuwa na mwenzetu, mama wa watoto watatu, ambaye hakuna aliyemfikia katika somo la anatomia, na sisi wengine tulikuwa tukimfuata baada ya kipindi ili atueleze upya njia ya damu ndani ya moyo. Aliacha chuo miezi michache baada ya zamu za usiku kuanza. Hakuwa amechoka wala hakuwa amekata tamaa. Alikuwa hajapanga nani atalala na watoto usiku nne kwa wiki, na kila aliyeombwa alisaidia wiki moja, kisha akawa na yake. Namkumbuka kila ninapoulizwa ushauri na mtu mzima anayetaka kuingia katika kazi hii, kwa sababu taaluma ilimpoteza mtu aliyekuwa na akili na huruma kwa pamoja, na sababu ilikuwa ratiba.

Kwa hiyo chukua karatasi kubwa na uichore miezi yote ya kozi, kuanzia ya kwanza hadi ya mtihani wa usajili, pamoja na miezi ya kusubiri leseni na kutafuta ajira, ambayo wengi huisahau. Katika kila mwezi andika fedha zitakazoingia na zitakazotoka: ada, sare, viatu, vitabu, nauli za kwenda hospitali za mafunzo, na matumizi ya nyumbani ambayo hayatasimama kwa sababu wewe unasoma. Usihesabu mshahara wa kazi yako ya sasa ukidhani utaifanya nusu siku, kwa maana wakati wa mafunzo ya vitendo unafuata zamu za wodi, na zamu hizo hubadilika. Ikiwa karatasi inaonyesha kwamba fedha zitakatika katika mwaka wa pili, afadhali uahirishe kuanza kwa mwaka mmoja ukiweka akiba kuliko kuanza leo na kukwama nusu ya safari. Uliza pia habari za mikopo na ufadhili, kwa kuwa baadhi ya hospitali huwasomesha watu kwa sharti la kuzitumikia kwa miaka kadhaa. Soma mkataba wa aina hiyo kwa makini, hasa kipengele cha kurejesha fedha ukiondoka kabla ya muda.

Halafu uwakalishe watu wa nyumbani mwako, mwenzi na watoto wakubwa, uwaonyeshe karatasi hiyo. Usiwaombe baraka za jumla tu. Mwombe kila mmoja jambo lake mahususi kwa siku yake mahususi. Mtu anayetoka zamu ya usiku anahitaji saa kadhaa za usingizi mchana katika chumba chenye giza na utulivu, na familia isiyoelezwa hivyo itamwona amelala saa sita mchana na kudhani anapumzika tu.

Mwili wa miaka 40

Kuanzia miaka ya 40 hivi, lenzi ya jicho hupungua uwezo wa kuona vitu vya karibu, na hili ni la kila mtu. Ofisini mtu husogeza karatasi mbali kidogo, mambo yakaendelea. Wodini maandishi yaliyo kwenye kichupa cha dawa ya sindano ni madogo mno, taa za usiku ni hafifu, na dawa mbili zenye majina yanayokaribiana zinaweza kuwa na vichupa vinavyofanana. Kapime macho kabla ya kuanza, upate miwani ya kusomea, na uwe na ya akiba mfukoni mwa sare. Sioni ushauri wowote katika mwongozo huu ulio rahisi kuufuata kuliko huu, na bado huwaona wanafunzi watu wazima wakikodoa macho kwa sababu wanaona haya kuvaa miwani mbele ya vijana.

Mgongo nao unahitaji kujifunza upya. Wengi huumia kwa kumnyanyua mgonjwa wakiwa wameinama, mikono ikiwa mbali na mwili. Pandisha kitanda mpaka usawa wa kiuno chako kama kinapanda, tanua miguu, kunja magoti, msogeze mgonjwa karibu nawe kwa shuka la kutelezeshea, na usione aibu kumwita mwenzako. Kijana anaweza kumnyanyua mtu vibaya akaamka salama kesho yake, lakini wewe huna ruhusa hiyo. Miezi kadhaa kabla ya masomo anza kutembea kila siku na kuimarisha misuli ya miguu na ya tumbo, kwa sababu utasimama kwa saa nyingi tangu wiki ya kwanza ya vitendo. Viatu viwe imara, vimefunikwa mbele na visiteleze.

Hesabu za dawa

Hili ni somo lenye kutisha wengi, na kwa kweli ni hesabu za shule ya msingi zinazofanywa mahali ambapo kosa halina mzaha. Kanuni kuu ni kugawanya kipimo kilichoagizwa kwa kipimo kilichopo, kisha kuzidisha kwa ujazo wake. Daktari ameagiza miligramu 250, na dawa ya maji uliyonayo ina miligramu 125 katika kila mililita 5. 250 gawanya kwa 125 ni 2, zidisha kwa 5, unampa mgonjwa mililita 10. Kwa dripu unazidisha ujazo kwa idadi ya matone katika mililita moja, kisha unagawanya kwa dakika. Mililita 1,000 kwa saa 8, kwa mpira unaotoa matone 20 kwa mililita, ni 20,000 gawanya kwa 480, yaani karibu matone 42 kwa dakika. Fanya hesabu kama hizi tano kila siku kwa miezi miwili kabla ya kuingia chuoni, kwa mkono na bila kikokotoo, na kila unapopata jibu jiulize kama lina akili. Jibu linalokutaka ufungue vidonge 12 kwa dozi moja karibu kila mara ni kosa la hesabu.

Mimi niliyeishi na tarakimu kwa miaka 16 nilidhani hapa sina la kujifunza. Wiki ya tatu ya mafunzo ya vitendo niliandika kwenye karatasi ya dawa kipimo cha miligramu 5 kwa namna ya mhasibu, yaani 5.0, kwa sababu kwa mhasibu tarakimu isiyo na desimali haijakamilika. Muuguzi aliyenisimamia aliishika karatasi, akaisogeza mbali na macho yangu, akaniuliza nasoma nini. Kwa umbali ule nukta haikuonekana, na pale palisomeka 50. Alinifundisha kanuni ambayo sijaiacha tangu siku hiyo: baada ya namba nzima usiweke nukta na sifuri, na kabla ya nukta usiache kuweka sifuri, yaani andika 5 na usiandike 5.0, andika 0.5 na usiandike .5. Hakuna mgonjwa aliyedhurika, lakini nilielewa kwamba mazoea mema ya kazi ya zamani yanaweza kuwa hatari katika kazi mpya, na kwamba yanapaswa kukaguliwa moja baada ya jingine.

Kufundishwa na aliye mdogo kwako

Muuguzi yule alikuwa na miaka 25. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika mafunzo haya utainama mbele ya watu wenye umri wa watoto wako, ambao watakukosoa mbele ya mgonjwa kwa sababu mgonjwa hawezi kusubiri mpaka mkae faragha. Mheshimu anayekufundisha kwa cheo chake cha kazini, mwite sista au kwa jina la kazi linalotumika hapo, na usimwite mwanangu hata kama kwingineko ungemwita hivyo. Akikuelekeza, rudia maneno yake kwa sauti ili ajue umesikia sawasawa, na kama huelewi useme huelewi. Kuna aina ya kunyamaza ambayo watu wazima tumeizoea ili kulinda heshima yetu, na wodini kunyamaza huko kunaweza kumdhuru mtu.

Jambo jingine ambalo sikuonywa ni kwamba ndugu wa wagonjwa watakukimbilia wewe. Wanaona mvi, wanadhani wewe ndiwe mkubwa wa wodi, na watakuuliza kama mgonjwa wao atapona. Tayarisha jibu lako kabla: mimi ni mwanafunzi, naomba nimwite muuguzi wa zamu akueleze. Kisha nenda ukamwite kweli.

Kuhusu kusoma, nitasema machache. Kumbukumbu ya mtu mzima hushika vizuri kile kilichofungamanishwa na mtu au tukio, kwa hiyo kila jioni baada ya zamu chagua mgonjwa mmoja, usome kuhusu ugonjwa wake na dawa zake bila kuandika jina lake popote. Soma kwa vipindi vifupi, funga kitabu, jaribu kueleza kwa maneno yako. Jiunge na kikundi cha vijana, maana wao ni wepesi katika kukariri, nawe una subira ya kupanga kazi.

Ulichokuja nacho

Mary Seacole, aliyezaliwa Jamaika mwaka 1805, alikuwa amekwisha kuendesha nyumba ya wageni na biashara kabla ya kuomba, mwaka 1854, kujiunga na wauguzi waliokuwa wanapelekwa kwenye vita vya Crimea, kati ya Urusi na Uingereza na washirika wake. Alikataliwa mjini London, akasafiri kwa fedha zake, na mwaka uliofuata, akiwa na miaka 50 hivi, alifungua karibu na Balaclava, bandari ya huko Crimea, kituo chake cha kulisha na kutunza askari. Ujuzi wake wa tiba ndio uliowaponya watu, lakini ni ujuzi wa biashara uliomwezesha kufika, kujenga na kupata vifaa.

Nawe una kitu cha namna hiyo. Mwalimu anajua kumweleza mgonjwa wa kisukari namna ya kujidunga insulini na kungoja mpaka aone amefanya mwenyewe. Aliyekuwa dereva au askari ameshazoea kutulia wakati wa dharura, na aliyelea watoto au kumuuguza mzazi hahitaji kufundishwa namna ya kukaa na mtu mwenye maumivu. Andika mambo hayo katika barua ya maombi kwa mifano halisi, na ukiulizwa kwenye usaili kwa nini umechelewa kuanza, eleza ulichokuwa unakifanya bila kuomba radhi kwa umri wako. Kazi ipo: ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 ilikadiria upungufu wa wauguzi milioni 5.9 ulimwenguni, na ikaonya kwamba mmoja kati ya kila sita angestaafu ndani ya miaka 10. Fanya pia hesabu ya miaka ya utumishi iliyobaki kabla ya kustaafu na ya michango ya pensheni, kwa sababu itakusaidia kuamua kama unataka kujiendeleza kwa shahada ya juu au kubaki karibu na kitanda cha mgonjwa.

Ukipata nafasi ya kwanza, chagua mahali ambapo utapewa muuguzi mzoefu wa kukushika mkono kwa miezi kadhaa, hata kama pengine wanalipa zaidi kidogo. Na siku ya kwanza ukiwa na leseni yako, fika mapema kabla ya kukabidhiwa zamu, uzunguke wodi na kuuliza liko wapi toroli la dharura, mtungi wa oksijeni, mashine ya kufyonza makohozi na kitufe cha kuita msaada. Fungua kila droo ya toroli hilo kwa mkono wako, utazame kilichomo, uifunge, kisha uende kupokea wagonjwa wako.